Kichwa Nusu, Ndoo Mbili

Kinyozi huyu alikuwa na sheria moja tu, kaiandika kwa rangi nyekundu juu ya kioo: HUJAJIBU, SIMALIZI. Akishanyoa nusu ya kichwa chako anazima mashine, anakutegea fumbo. Ukishindwa unaomba jibu, wenzako benchini wanakucheka, unamaliziwa. Wote waliomba. Kasoro fundi umeme mstaafu, rafiki yake wa miaka kumi na tisa, ambaye afadhali ang'olewe jino bila ganzi kuliko kupewa jibu.

Jumamosi hiyo fundi aliingia asubuhi, suruali ya suti, fulana ya ndani.

"Fanya haraka, bwana. Binti yangu anaolewa saa nane. Nimesema saa nane."

"Saa nane, nimesikia. Mimi si kiziwi."

Upande wa kushoto ulipong'aa, mashine ikazimwa. "Una ndoo mbili, ya lita nane na ya lita nne. Hazina alama. Bomba lipo. Nipatie lita tano kamili."

Fundi alifumba macho. Akafumbua, akamtazama kinyozi kwenye kioo.

"Umesema nane na nne?"

"Unataka nikuimbie?"

"Basi nakwenda kulifikiria nyumbani." Akavua kitambaa, akatoka hivyo hivyo: kushoto kuruta wa jeshi, kulia babu wa watu.

Kinyozi alicheka mpaka saa tano. Kufika saa sita kicheko kilishaanza kumwasha. Rafiki yake apigwe picha za harusi vile, zikae ukutani maisha? Akafungua daftari lake la mafumbo, atafute dokezo la kumpa kwa simu.

Daftari lilisema lita *saba* na nne.

Akajikuta kakaa kiti cha wateja. Nane na nne zote shufwa, tano witiri. Jaza, mwaga, hamisha mpaka bomba likauke, tano haiji. Ile saa nane ya harusi ndiyo iliyomganda ulimini.

Sasa, neno "nimekosea" kinyozi huyu hajawahi kulitamka, hata siku aliyomnyoa mwalimu mkuu nyusi moja. (Alisema ndio mtindo.) Alibeba mashine, akalifanyia mazoezi njia nzima.

Mke wa fundi alimpokea mlangoni, mikono kiunoni. "Shemeji! Umemfanyia nini mume wangu? Nimempa kofia, kaikataa!"

Fundi alikuwa kibarazani, suti kamili, katulia kama mgeni rasmi.

"Ilikuwa saba," kinyozi alisema. Akakohoa. "Si nane. Nime... nimekosea."

"Najua. Nilijua palepale kitini."

"Ukapita barabara nzima hivyo? Si ungeniambia!"

"Mimi sipendi kupewa jibu. Nikaona na wewe nisikunyime utamu wa kulipata."

"Na kama nisingelipata?"

"Ningeingia harusini hivi hivi. Lakini nilikukadiria saa sita na nusu." Akatazama saa yake. "Umechelewa dakika kumi. Washa."

Kinyozi akawasha. "Sasa hiyo ya saba na nne, unajaza kwanza..."

"Funga mdomo!" fundi alifoka. "Nina harusi nzima ya kulifikiria."