Namba Moja Tatu za Kisulisuli

Majaliwa alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kitu kimoja alikijua kuliko mtu yeyote kati ya Newala na Masasi: Kisulisuli. Huyo ni shujaa wa vitabu vya katuni, kuli wa bandarini anayegeuka upepo. Majaliwa alianza kumsoma mwaka aliomaliza darasa la saba, na kila msimu wa korosho alipanda gari hadi Masasi kufuata matoleo mapya kwa muuza magazeti mmoja wa Mkomaindo. Miaka thelathini. Vitabu mia mbili na kumi na kimoja, vyote ndani ya sanduku la bati.

Wa kuzungumza naye hakumpata. Mkewe, Sikudhani, alikuwa akimwambia, "Baba Rukaiya, huyo kuli wako angekuwa na nguvu kweli, angekuja kupalilia."

Basi Mwalimu Hilary, kijana aliyehamia kutoka Iringa, alipofungua chumba cha kusomea pale kijijini, jirani na Kitangari, Majaliwa alilibeba sanduku zima kwa baiskeli. Alitaka jambo moja tu: mtu mwingine amsome Kisulisuli, wapate kuongea.

Vitabu alikuwa amevifunga kwa kamba mafungu matatu, maana wachapaji walianza kuhesabu upya mara mbili. Kuna namba moja ya zamani. Kuna namba moja ya pili, Kisulisuli amekwisha kufa na dada yake amerithi upepo. Kuna namba moja ya tatu, ambamo anafufuka. Na hata ile ya zamani si pa kuanzia. Maneno mengi, michoro ya ovyo, mgeni atachoka mapema. Pa kuanzia ni namba thelathini na nne ya fungu la kwanza, Kisulisuli anapochelewa kumwokoa mama yake. Ukilia hapo, utafika mwisho. Hayo yote Majaliwa aliyapanga njiani, akiyasema peke yake kati ya mikorosho.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu alisema akilipokea sanduku.

"Marahaba, Mwalimu."

"Umefanya jambo kubwa sana."

"Haya," alisema Majaliwa, akarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata alikuta kamba zimetupwa. Mwalimu alikuwa amevipanga vitabu kwa namba: namba moja zote tatu pamoja, namba mbili zote pamoja, hivyo hivyo hadi mwisho, na kila kimoja kimepigwa muhuri. Majaliwa alisimama mlangoni mpaka akaonekana.

"Umeona tulivyovinyoosha, mzee?"

"Nimeona. Vimekaa vizuri."

Sikudhani aliposimuliwa aliacha kupepeta. "Umemwambia vimekaa vizuri? Huo mdomo unamtunzia nani?"

"Yule ni mwalimu. Mimi ni la saba."

"Na Kisulisuli ana digrii?"

Haikupita muda, Perpetua, muuguzi mgeni wa zahanati, alimkuta kwenye foleni ya maji.

"Shikamoo, baba. Nasikia vile vya Kisulisuli vilikuwa vyako."

"Marahaba. Ndiyo."

"Mbona sielewi? Kitabu cha kwanza anapata nguvu, cha pili ameshakufa, cha tatu anafufuka, cha nne ndiyo kwanza anajifunza kupaa. Mgeni kama mimi nianzie wapi?"

Ndilo swali alilolingojea miaka thelathini. Jibu lilimjaa kifuani. Lakini foleni nzima ilikuwa imegeuka kusikiliza, na kulijibu ilikuwa ni kusema kwamba Mwalimu amekosea.

"Muulize Mwalimu," alisema. "Ndiye aliyevipanga."

Siku nne alijilaumu. Ya tano akajikaza, akaenda bombani mapema, akamngoja.

"Nesi, vile vitabu, pa kuanzia..."

"Ah, nilishaacha, baba. Hakuna anayevisoma. Mwalimu anasema vinamjazia kabati bure, kuanzia kesho vitatumika kuwashia moto wa uji shuleni." Perpetua akaitega ndoo yake. "Utanisamehe, lakini ile hadithi haina kichwa wala miguu."

Wanawake waliokuwa nyuma wakacheka. Majaliwa naye akacheka kidogo.

"Kweli," alisema. "Haina."