Gunzi Kwenye Tenki

Watu wa Mshangano walishazoea kuliita gari la Fulgence banda la kuku, na hawakukosea. Tangu mwaka 1997 Landrova ile ilikaa uani kwake chini ya mabati, na kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, wao, watoto wao na wajukuu wao. Fulgence alikuwa dereva hodari, lakini mkewe Hilda alipofariki alichomoa betri, akapanda baiskeli, na baiskeli ndiyo iliyomzeesha.

Kisa chake mtaa mzima ulikijua, maana alikisimulia mwenyewe bila kuchoka. Hilda alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, alfajiri, damu ikimtoka. Fulgence akampakia garini kumkimbiza hospitali. Katikati ya njia gari likakohoa, likazima, likakataa kata kata kuwaka. Wanaume wakambeba Hilda kwa machela, na walipofika alikuwa ameshakata roho, yeye na mtoto tumboni. Gari lilibaki barabarani. Asubuhi akalikuta Gaspari, rafiki wa Fulgence tangu ujana, aliyekuwa akiuza petroli ya madumu kule Majengo na ndiye aliyemjazia tenki jana yake. Gaspari akatia dumu jingine, akawasha, likawaka, akalirudisha kwa mwenyewe.

Basi Fulgence alipotoka makaburini alisema mbele ya waombolezaji wote kwamba Gaspari alimuuzia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Ushahidi? Alipotia mafuta mazuri, si likawaka? Nani angebisha. Wateja wakahama mmoja mmoja, na Gaspari akabaki na kibanda cha chumvi na viberiti. Hakujitetea hata siku moja, na watu wakasema anayenyamaza amekiri. Kanisani, Fulgence akawa mtu wa misa ya kwanza na Gaspari mtu wa misa ya pili, ili padri akisema mpeane amani, wasijikute wamesimama benchi moja. Wameishi hivyo miaka ishirini na minane.

Aliyelitikisa gari ni Imaculata, binti yake wa pekee, mwalimu, ambaye mama yake alipokufa alikuwa na miaka minne. Huyu alilelewa akikatazwa hata kumwamkia Gaspari njiani. Msimu huu mahindi yao yalikuwa yananyeshewa shambani kwa kukosa usafiri, akamwambia baba yake gari lipo. Fulgence akanuna.

"Baba, wewe mwenyewe husema mama aliuawa na mafuta ya yule mtu," Imaculata akasema. "Gari lina kosa gani?"

Mzee akaenda kuita fundi. Akaja Valence, mtu mzima mwenye mikono mizito na mdomo mwepesi. Siku nne walishinda uani. Walifukuza kuku, wakatoa viota, wakasafisha kabureta, wakafunga betri na matairi mapya, wakabadilisha plagi na mipira ya breki, wakalikosha tenki mpaka kutu ikaisha. Kila nati iliyolegea ilimrudishia Fulgence ujana wake, na Imaculata alimsikia akiimba, jambo ambalo hakukumbuka kulisikia kamwe.

Kwenye mdomo wa tenki palikuwa na gunzi la mahindi, limekuwa jeusi, limevikwa nailoni na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Fulgence alilieleza kwa majivuno kidogo. Mfuniko ulipotea wiki ile ya mwisho, akaziba kwa gunzi tupu. Likawa linavujisha harufu, na Hilda na mimba yake akawa anatapika kila akipanda. Kwa hiyo alfajiri ile, kabla ya kumpakia, alilivika nailoni na kulikaza asisumbuke. Valence alikuwa akipuliza bomba la mafuta, hakusikia vizuri. Fulgence akalirudisha gunzi vilevile mpaka mfuniko upatikane.

Likawaka. Majirani wakatoka kuona banda la kuku likinguruma. Fulgence akashika usukani, Valence pembeni yake, wakaelekea mjini. Hawakufika mbali sana, gari likakohoa, likazima. Fulgence alitazama nje akapajua mahali pale: ndipo lilipozima na Hilda.

Valence akazunguka nyuma akachomoa gunzi. Tenki likavuta hewa kwa sauti, kama mtu aliyeibuka majini. Fundi akacheka.

"Mzee, tenki nalo linapumua. Mafuta yakitoka, hewa iingie. Ukilikaba na nailoni namna hii, litazima tu, hata uweke mafuta mazuri vipi."

Fulgence aliuliza swali moja tu: je, mtu akifungua ili atie mafuta mengine?

"Litawaka," Valence akasema. "Si kwa sababu ya mafuta. Kwa kule kufungua."

Walirudi nyumbani gari likienda vizuri. Kwa siku tatu Fulgence hakula chochote cha maana. Aliona haya, na zaidi ya haya aliona woga. Valence hakujua kitu. Gunzi lingetupwa jikoni likaungua, na hadithi ikabaki ilivyokuwa. Nani angedai? Lakini kila alipofumba macho alijiona anakaza ule mpira, kwa upendo wote aliokuwa nao. Siku ya nne aliwasha gari, akaenda Majengo.

Gaspari alikuwa akipima chumvi. Mvi tupu. Fulgence akaweka gunzi juu ya meza.

"Nalifahamu," Gaspari akasema. "Siku ile nililichomoa mwenyewe, nikasikia hewa inavyoingia. Nililirudishia tu nilipofika kwako."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umetoka kuzika. Ningekwambia nini, kwamba ni mikono yako? Nilidhani utanichukia mwaka mmoja, miwili, halafu utapoa." Akafunga kifuko cha chumvi taratibu. "Devota wangu alikufa akiitwa mke wa muuaji, Fulgence. Yeye huwezi kumwambia tena."

Fulgence akalia pale pale mbele ya wateja, mzee mzima. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alimwaga ya nyumba mbili. Alipopata sauti aliuliza kama Jumapili anaweza kuja misa ya pili, wasimame pamoja.

Gaspari akafuta chumvi mikononi.

"Njoo," akasema. "Lakini anza na ile ya kwanza. Wale ndio uliowaambia ni mafuta yangu."

Kisha akamrudishia gunzi, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja chumvi.