Marekebisho Madogo na Harusi ya Ngalula

Jamani, ile programu ya nyimbo za kanisa mliyo nayo kwenye simu zenu hapa Kolwezi niliitengeneza mimi, peke yangu, na najivunia mpaka leo, ila kuna Jumamosi moja nilitamani simu zote za mji huu zizimike kwa pamoja, na aibu ya siku ile nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa dada yangu Ngalula, ambaye kila akiisimulia anaongeza chumvi.

Mjue kwanza kwamba nilikuwa nimefanya kazi nzuri. Mule ndani kulikuwa na wimbo mmoja ulioingizwa mara mbili, nikautoa ule wa ziada, na nyimbo zote zilizoufuata zikarudi nyuma namba moja, safi kabisa. Basi nikiwa saluni nasukwa kwa ajili ya harusi ya Ngalula (msusi amenibana kichwa, nachapa kwa kidole gumba kimoja) nikatuma toleo jipya, na pale kwenye kisanduku kinachouliza nini kimebadilika nikaandika "Marekebisho madogo", nikafunga. Nilijiambia, kwani nani anasoma yale maneno?

Bwana harusi kwao ni Musumba, kule Kapanga, na mama yake alikuja juu ya lori kwa ile barabara mnayoijua. Kwa kumheshimu, kwaya yetu (wengi wetu ni watu wa Kasai) ikaamua bibi harusi aingie kwa wimbo wa lugha ya mama huyo, Kilunda, ambao hakuna aliyeujua kwa kichwa, kwa hiyo kila mtu simu mkononi. Umeme nao ukakatika, kinanda kikanyamaza, na tata Ilunga, maestro wetu, ana desturi ya kutaja namba tu, jina la wimbo halitaji. "Makumi munane na saba," akasema, ngoma zikaanza, Ngalula akatokea mlangoni.

Sasa, wenye wifi ya kazini kule migodini walikuwa wameshapata toleo langu jipya, na wale wanaosubiri kununua mega za intaneti walibaki na la zamani. Wa zamani wakaanza Kilunda kwa kubabaisha. Wa toleo jipya, themanini na saba yao ilikuwa wimbo wa mazishi, na huo tunauimba kila msiba, wakauachia kwa sauti zote nne (niliwauliza baadaye, wakasema maestro ametaja, nani abishane na maestro?). Tata Ilunga akadhani hawakumsikia, akarudia namba kwa nguvu, na mazishi yakazidi kupanda.

Mimi nikaelewa palepale, na badala ya kutulia nikapaza sauti kutoka benchi la pili, "Ni makumi munane na sita," na wale wa toleo la zamani, watu watiifu, wakafungua themanini na sita ya kwao, ambayo ni ya toba ya Kwaresima. Wa toleo jipya, kwa kelele za mazishi yao, hata hawakunisikia. Ikawa hakuna hata mmoja anayeimba Kilunda.

Mama wa bwana harusi akasimama, akakaza kitenge chake.

"Tunazika nani leo?" akamuuliza mwanawe, na ngoma zikakoma. "Mutoto yangu iko muzima. Kama njo vile banatupokea, mi narudia na yeye kwetu."

Ngalula pale mlangoni alikuwa ameanza kulia, na nilijua aliyemliza ni mimi. Nikaenda mbele.

"Ba mama na ba tata, munisikilize," nikasema. "Nilitoa wimbo moja mu programu, namba zikasogea. Kama simu yako ilifanya mizajuru hii wiki, ikapata toleo mupya, fungua makumi munane na sita. Kama haiyafanya, bakia na makumi munane na saba. Bote mutakuta Kilunda. Na mama, unisamehe, kosa ni yangu, haiko ya kwaya."

Wakatafuta, wakapata, na wimbo ukainuka kanisa zima. Yule mama hakuhitaji simu. Aliimba akatoka kwenye benchi, akaenda mpaka mlangoni, akamshika Ngalula mkono na kumwingiza mwenyewe. Nililia, sifichi.

Basi yale niliyoyasema pale mbele ndiyo maelezo ya kwanza ya kweli niliyowahi kutoa ya toleo jipya: kilichobadilika, kinamgusa nani, afanye nini. Sasa naandika hivyo kila mara, kwa Kiswahili chetu, na nimeapa "marekebisho madogo" hayatatoka tena kidoleni mwangu. Tata Ilunga huyasoma Jumapili pamoja na matangazo (ndiyo, maelezo yangu, kanisani). Na mama wa Musumba hakubali mtu aguse programu yake mpaka nimpigie nimsomee. Juzi nilisoma yote, neno kwa neno, nikangoja.

"Sawa, mutoto yangu," akasema. "Nimesikia byote. Weka."