Jani la Isale na Mchezo Wetu wa Mkuu

Nilikwenda Rombo kwa hasira. Wengine husafiri waone nchi. Mimi nilisafiri kwa sababu Ndugu Kato, kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo pale Moshi, alisema mbele ya wote kwamba mwanamke anayenyonyesha hafai jukwaani. Neema wangu alikuwa hajaota hata jino. Nafasi yangu, ile ya mke, alitaka ampe Gresi, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na kuwanong'onezea waliosahau maneno.

"Nitakwenda," nikamwambia, "na mtoto atakwenda."

"Akilia katikati?"

"Akiuharibu mchezo, mpe Gresi nafasi moja kwa moja. Sitasema neno."

Alikubali haraka mno, kama mtu ambaye kilio ameshakisikia.

Asubuhi ya safari tulipanda lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu kutoka sokoni. Kikundi chetu hakikuwa cha serikali wala cha kiwanda. Kato alikuwa karani kwenye mashamba ya miwa, mtu wa Bukoba. Prosper, aliyeigiza mume, alikuwa fundi baiskeli. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaolewa, na baada ya hapo kila mtu akaona nimeshamaliza kila kitu. Mali yetu ilikuwa pazia la kitambaa cha amerikani, kopo la masizi ya kuchorea ndevu, na mlango mmoja wa mbao pamoja na fremu yake. Mlango ulilazwa vizuri juu ya majani ya migomba. Sisi tukashikilia kingo za lori.

Tulipofika Himo, dereva alishuka kunywa chai. Mama mmoja muuza machungwa akautazama ule mlango, akatutazama na sisi.

"Mnahama?"

"Tunahama, mama," Prosper akamjibu. "Nyumba inakuja nyuma."

Baada ya Marangu barabara ilikuwa vumbi jekundu na kona. Mawenzi ulitutokea upande wa kushoto, umechongoka kama meno mabovu, ukajificha tena kwenye mawingu. Neema alilala safari nzima. Kato alikuwa akimchungulia kila mara, nami nilijua anachosubiri.

Karibu na Mkuu, mji wa Rombo tuliokuwa tunakwenda kuigiza, lori lilisimama, injini ipoe. Kato akaruka chini, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani kwa watu, akachuma jani la isale.

Hapa niwaeleze wasiotoka huku. Isale ndiyo inayopandwa mipakani. Mchagga akikukosea, anakuletea jani lake kuomba radhi, na ukiletewa hukatai, hata kama bado una uchungu kama nyongo. Katika mchezo wetu mume anachoma kitabu ambacho mkewe anajifunzia kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, halafu anakuja amepiga magoti na isale. Mke analitupa chini, anatoka mlangoni, mchezo umekwisha. Mjini tulitumia kipande cha jani la mgomba. Watazamaji wengi walikuwa watu wa Singida na Songea, wasioijua isale, wakatupigia makofi. Leo Kato alitaka kitu halisi.

"Hilo sitalitupa," nikasema.

"Ni jani tu."

"Ni jani tu kwenu Bukoba."

"Na wewe uliyesoma unatuletea ushirikina? Ukiogopa, Gresi yupo."

Nilimgeukia Prosper, Mchagga mwenzangu. Alikuwa anakagua matairi ya lori kana kwamba ni yake.

Mkuu tulipokelewa na Mama Tesha, kiongozi wa akina mama wa kisomo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanikalisha na kunipa bakuli la mtori wa ndizi na nyama, maana mzazi hapokelewi kwa chai tupu.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Machame."

"Machame. Na mumeo bado yu hai?" Wanawake wa Machame tumesingiziwa siku zote kwamba tunawazika waume mapema.

"Yu hai, mama. Nimemwachia sufuria."

Alicheka mpaka akashika kiuno, akamchukua Neema. "Nipe huyu. Wewe kaigize."

Mchana watu walijaa uwanja wa shule. Baraza la darasa ndilo lilikuwa jukwaa, na darasa lenyewe chumba chetu cha kuvalia. Prosper alipakwa ndevu huku amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kidevuni. Gresi alikuwa ananishonea gauni lililochanika begani.

"Dada," akaninong'oneza, "mimi sitaki nafasi yako. Nikitazamwa na watu miguu inakufa."

"Mwambie Kato."

"Nimwambie mimi?"

Mchezo ulikwenda vizuri. Kitabu kilipochomwa, akina mama waliguna. Kisha Prosper akaingia mlangoni, akapiga magoti, akainua jani kwa mikono miwili. Hata waliokuwa wakitafuna miwa waliacha.

"Hilo ni la kweli," mzee mmoja akasema.

Kato alikuwa dirishani, ananiashiria kwa kichwa: tupa. Mkono ukakataa. Lakini na kusamehe sikutaka. Mtu achome kitabu chako, alete jani, basi yaishe? Nilisimama pale kama nguzo, na nyuma ya pazia Gresi alikuwa akirudia maneno yangu, nami siyataki.

Ndipo Neema akalia.

Maziwa yalinitoka papo hapo, gauni likalowa. Nikashuka baraza, nikamchukua mikononi mwa Mama Tesha, nikarudi kukaa kizingitini mwa ule mlango wetu, nikamnyonyesha. Kwa mkono uliobaki nikalichukua jani.

"Nimepokea," nikasema. Watu wakashusha pumzi. "Sasa taja kosa."

Prosper akatazama pazia. Gresi hakuwa na la kumnong'oneza. Maneno hayo hayakuandikwa popote.

"Nilikukosea," akasema.

"Kosa halina jina?"

"Usimumunye, baba," Mama Tesha akasema kutoka chini. "Litaje." Wanawake wengine wakadakia: litaje, litaje.

"Nilichoma kitabu chako."

"Kwa nini?"

Jasho lilikuwa linayateremsha masizi shingoni kwake. Akayafuta kwa kiganja.

"Kwa sababu ulikuwa umeanza kunishinda kusoma."

Vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia harusini. Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Jamani, hata mimi," na mkewe akamgeukia taratibu. Nikamkabidhi Prosper mtoto, nikatoka mlangoni kwenda kisomo. Mchezo ukaisha hivyo.

Darasani Kato alikuwa amevimba. "Mtoto alilia. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana akiuharibu mchezo. Toka nje uwaulize kama umeharibika."

Hakuwa na haja ya kutoka. Mama Tesha aliingia na wenzake. Walitaka tuupeleke Useri pia.

"Na pale pa kutaja kosa msipabadilishe," akamwambia Kato. "Na huyu wa Machame aje na mtoto wake."

Kato akasema sawa, mama. Ilimtoka kama mtu anayetema mbegu.

Asubuhi iliyofuata tulirudi juu ya mikungu ya ndizi. Tulipopita Mwika, Kato akanisogelea. "Yale maneno ulisemaje hasa? Polepole, Gresi ayashike."

"Kwa hiyo nafasi ni ya nani?"

"Yako," akasema. Nikaendelea kumtazama. "Yako, na mtoto aje."

Nimekua nikiona wanawake wa kwetu wakipokea isale na kunyamaza, nikadhani kunyamaza ni sehemu ya mila. Ilibidi niende Rombo nione kwamba aliyepokea bado ana mdomo. Jani linakuzuia kukataa. Kuuliza halikuzuii.

Nilipofika nyumbani, baba Neema aliuliza mchezo ulikwendaje. Nikampa mtoto, nikamwambia akae, habari yenyewe ni ndefu.