Soksi Iliyoingia Kwenye Tasnifu

Juzi, katika duka la kujalidi vitabu pale Mwembe Tayari, mwalimu mmoja alikuwa ameshika tasnifu yake ya udaktari kwa mikono miwili, kama abebaye mtoto mchanga. Mumewe akachomoa kurasa za katikati.

"Zitoe hizi. Hapa waandika kwamba ulishindwa. Watakunyima shahada."

"Nilishindwa kweli," mkewe akasema taratibu. "Niliwaambia watoto wasahihishane wakisoma, wakanyamaza wote. Kumsahihisha mwenzako mbele ya watu ni kumvunjia heshima."

"Basi andika kilichofaulu."

"Kilichofaulu kilitoka humo. Nilipanga upya, nikajaribu tena."

Akatoa mkobani soksi ya kijani iliyoshonewa vifungo viwili vya macho, akaivaa mkononi.

"Akawa huyu ndiye anayekosea kusoma. Darasa zima likamsahihisha. Nikawauliza, mbona leo mna ulimi? Mmoja akanijibu, 'Huyu hana mama wa kuja kugomba, mwalimu.'"

Mume akaitazama soksi. "Hii si yangu?"

"Ilikuwa yako."

Mume akazirudisha kurasa mahali pake, akazilaza vizuri kwa kiganja, kisha akamsukumia fundi rundo lote.

Kubuni, kujaribu darasani, kurekebisha, kujaribu tena: vyuoni hiyo ni mbinu ya utafiti. Kwetu tuliozeekea shuleni ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, ila hatukuwa na ushujaa wa kuandika yaliyotushinda Jumatatu. Nawaombea watahini wake moyo wa mume yule, aliyerudi nyumbani kwenye soksi moja isiyo na mwenzake.