Notisi ya Siku Kumi na Nne

Jumanne, tarehe kumi na mbili Julai 2005, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa amevaa viatu tayari, anangoja chai, na nilipotoka jikoni na kikombe nilimkuta ameinamia upande mmoja wa kiti. Juu ya asubuhi hiyo sina zaidi ya kusema. Nataka kuandika juu ya ukumbi.

Kwa miaka tisa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa mtaa wetu, karibu na Kenyatta Market. Ni jengo la mawe lenye paa la mabati, jukwaa dogo mbele na choo nyuma. Hakulipwa. Mimi nilifagia na kuandika kitabu cha nafasi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka ingawa niliishia darasa la saba.

Zamani mtu akifiwa mtaani, ukumbi ulikuwa wake mpaka azike. Nyumba zetu ni chumba kimoja na jiko, na kwenye matanga watu huja kila jioni kuomba na kupanga safari ya mazishi. Lakini aliyekuwa amekodi siku hiyo alirudishwa mlangoni, hata kama amebeba keki ya harusi. Wapangaji wakatukimbia, stima ikakatwa. Ndipo mume wangu akapata kanisa moja changa lililotaka ukumbi kila jioni na Jumapili kutwa. Ili kuwalinda, aliandika sharti: mpangaji hataondolewa kwa sababu yoyote bila notisi ya siku kumi na nne. Stima ikarudi, choo kikapata mlango. Kamati ilimpigia makofi, na mimi nilipiga.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, jirani alifiwa na mtoto. Alikuja dirishani kuomba ukumbi, nikamwonyesha kurasa zilivyojaa. Akasema, "Sawa, mama," akaenda. Siku hiyo nilikula na nikalala vizuri. Ninaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano nilienda River Road kwa makamu wa mwenyekiti, mwenye duka la vyuma. Alikuwa akimpimia fundi misumari. Alitoka nyuma ya kaunta akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mama. Mzee ametuachia pengo kubwa."

"Naomba holi jioni, mpaka tuzike. Nyumbani hatutoshei."

Alitazama chini. "Jioni zote ni za kanisa. Unajua kuliko mimi."

"Najua. Kitabu naandika mimi."

"Na hiyo notisi ni Mzee mwenyewe aliiweka. Nikiivunja kwa sababu ni yeye, kesho nitamwambia nini mwingine?"

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Hayo ndiyo maneno ambayo mume wangu angesema, na angeyasema vilevile, akitazama chini.

"Boss, hizo misumari ni za leo?" fundi akauliza.

"Ongea na pasta," makamu akaniambia, akirudi kwenye mizani. "Yeye akikupatia nafasi yake, mimi sina neno."

Pasta alinipokea vizuri. Alisema ana mkutano wa injili wiki nzima, wageni wameshatoka mbali, lakini tukitaka tuje tukae viti vya mbele tuombewe pamoja na wengine. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliposikia alicheka bila furaha. "Tukaombewe kama wagonjwa? Sisi tuna kanisa letu."

Basi tulikaa nje ya mlango wetu, chini ya karatasi la nailoni lililofungwa kwenye kamba za nguo. Julai ya Nairobi kila mtu anaijua. Manyunyu yalianza jioni ya kwanza na hayakuacha. Wazee waliotoka mashambani walikaa kwenye mitungi iliyopinduliwa, makoti yamelowa mabegani, na kila mzee wetu aliposimama kuomba, ngoma za ukumbini zilimfunika sauti. Kutoka pale tulipokaa tuliona taa zote zinawaka.

Jumamosi shemeji akachoka. "Ufunguo wa holi si ndio ule kwa ukuta?"

"Ndio."

"Fungua saa tisa, tuingie kwanza. Wakija watupate tumeketi. Nani atafukuza maiti?"

"Maiti hayuko hapa. Yuko mochari."

"Shemeji, usinichezee. Ama ndugu yangu alitakiwa aandike barua ya kufa wiki mbili mbele?"

Watu wengine walicheka, hata mimi karibu nicheke. Kisha niliuondoa ufunguo ukutani nikautia ndani ya blauzi. Nilijua tu kwamba yule jirani wa mwaka uliopita angetuona tukiingia. Mama mkwe wangu alikuwa akinitazama. Tangu siku hiyo mpaka tulipozika hakunywa chai niliyopika.

Tulimzika Alhamisi, kwao.

Agosti kamati ilikaa. Niliomba kusema, nikasimama. Nilisema sharti libadilishwe, aliyefiwa apewe ukumbi jioni mbili tu, na kanisa lijulishwe hivyo mapema lisishtuke. Mzee mmoja akauliza kanisa likiondoka stima italipwa na nani. Nilimwambia sijui. Mwingine akasema kwa upole kwamba mwenye jambo lake hukaa nje wenzake wakijadili.

Nilikaa nje kwenye ngazi. Niliwasikia wakibishana, mara mbili nikasikia jina la mume wangu. Baadaye makamu alifungua mlango akaniita ndani, lakini hakuketi.

"Mama, wengi wanakubaliana na wewe," akasema. "Lakini kubadilisha sharti kunataka watu saba wapige kura, na sisi tuko sita."

"Wa saba ni nani?"

Mzee aliyeuliza juu ya stima alikuwa akifuta miwani yake.

"Tutajaza nafasi ya Mzee kwenye uchaguzi," makamu akasema.

"Uchaguzi ni lini?"

"Mwaka ujao."

Akaandika kwenye kumbukumbu kwamba jambo limeahirishwa, akanipa nisome nione kama ameandika sawa. Nilisoma. Alikuwa ameandika sawa.