Kadi Niliyompelekea Kaka

Kaka yangu aliangukiwa na miwa kule Matulo, trekta ilipopinduka, na tangu siku hiyo hakusimama tena. Kabla ya hapo alikuwa mshambuliaji wa timu ya soko la Sirisia, na akifunga bao watu walimbeba mabegani. Miezi ya kwanza walikuja kumwona na mkate na sukari. Kisha wakaacha. Siwezi kuwalaumu sana, maana hata mimi nilikuwa Kitale na nilikuja kwa nadra.

Nilikuwa fundi wa kompyuta pale Matisi, mtaa wa huko Kitale, na nilijiona fundi kweli. Nilimpelekea kompyuta kuukuu yenye gemu ya mpira, tukaiweka mezani kando ya kitanda. Akawa anacheza kutwa. Tatizo lilikuwa moja tu: akibonyeza kupiga, mchezaji aliganda kidogo, na beki akafika kwanza.

"Mimi nataka nikipiga, mpira iende hapo hapo," aliniambia. "Hii mwili imenichelewesha ya kutosha, bana."

Mwenye masikio angesikia. Dawa yake ilikuwa prosesa, ule ubongo wa mashine, yenye kasi zaidi. Ilikuwepo dukani Kitale. Lakini kando yake palikuwa na kadi ya grafiki, ile inayochora picha, na uwezo wangu ulitosha kitu kimoja. Muuzaji aliniwashia kadi. Nikaona nyasi, vivuli, jasho shingoni, na jukwaa limejaa watu wanaopunga bendera. Prosesa haina cha kuonyesha. Nikabeba kadi, kwa sababu nilitaka kuonekana nimeleta kitu.

Nilipomfungia kadi ile, kaka alilitazama lile jukwaa kwa muda. "Imeweza," akasema. Kila nilipompigia simu aliisifu, nami nikavimba kichwa.

Nilirudi Desemba. Nilimkuta anacheza, hata hakunisikia nikiingia. Picha ilikuwa mbaya kuliko ile ya zamani: nyasi rangi moja, wachezaji hawana vivuli. Na jukwaa lilikuwa saruji tupu, pande zote.

"Kaka, watu wameenda wapi?"

Aliona haya, ungedhani yeye ndiye aliyekosa. "Niliwatoa kwa mipangilio. Walikuwa wanalemea hiyo kitu. Bila wao inajaribu kutembea."

"Si ungeniambia?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umefurahi sana."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kile kitanda, na kunguni nimetajiwa mmoja mmoja. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Prosesa ile ilikuwa imeshauzwa, na nyingine ya kuingia katika mashine ile sikuipata tena.

Nikaketi amalize mechi. Dakika za mwisho akafunga bao, na hakuna aliyeshangilia. Aliniomba kasi, mimi nikamnunulia watazamaji, naye ikabidi awafukuze mwenyewe ili apate kukimbia.